Mishipa Iliyokakamaa na Presha ya Macho

(Mada iliyotolewa kwenye darsa la vijana baada ya swala ya Alasiri, Keroka. Imenyooshwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.)



Shukrani zote ni za Allah (SWT) aliyetufikisha tena kwenye mwezi huu mtukufu tukiwa wazima. Ama baad. Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada zangu, na wewe ndugu msomaji ambaye hukuweza kufika siku ile: kamati ya vijana ilinipa mada ya "Afya katika Ramadhani". Mada hii kila mwaka huzungumzwa na kila mwaka tunaongea juu ya tumbo. Sambusa ngapi, mafuta kiasi gani, daku saa ngapi. Mimi niliomba niongee juu ya macho, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, kila Ramadhani wako wazee wetu wanaoiweka kabatini dawa yao ya macho usiku wa mwandamo na kuitoa siku ya Idi. Ukimuuliza mzee, anakwambia, "Mwanangu, nimefunga." Siku thelathini bila dawa, na jicho lenyewe halilalamiki. Haliumi, haliwashi, halitoi tongo. Basi siku ya Idi mzee anajiambia kumbe dawa ile haikuwa na kazi, na anaiacha moja kwa moja.

Ya pili ni swali aliloniuliza kijana mwenzangu hapa sokoni. Baba yake ana presha ya miaka mingi, daktari amemwambia mishipa yake ya damu imekakamaa, na sasa macho yanafifia. Aliniuliza: "Hayo ni magonjwa mawili au ni moja?" Mimi ninasomea mambo ya macho chuo kikuu na sijamaliza, kwa hiyo nililipeleka swali kwa walimu wangu na kwenye vitabu kabla ya kumjibu. Jibu nililolipata ni refu kidogo, na ndilo nitakalowapa leo.

Tuanze na glakoma yenyewe. Wengi wanaiita presha ya macho, na wengine wanaichanganya na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni kioo cha ndani ya jicho kuwa na ukungu. Kinatolewa, kinawekwa kingine, na mtu anaona tena. Glakoma ni jambo lingine kabisa. Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna maji safi yanayotengenezwa kila dakika na kutoka kila dakika kupitia chujio dogo lililo pembeni. Haya siyo machozi, yako ndani. Njia ya kutokea ikiwa nzito, maji yanabaki na presha ya jicho inapanda. Kwa watu wengi presha hiyo huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Ikizidi kwa muda mrefu, inaiharibu neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zaidi ya milioni moja, na uzi uliokufa haurudi. Hakuna miwani wala operesheni ya kuurudisha. Dawa yote ya glakoma ni ya kulinda kilichobaki.

Na inakula kutoka pembeni. Mzee anaweza kusoma msahafu vizuri na huku anagonga mlango kwa bega, au anavuka barabara ya Sotik bila kuiona bodaboda inayotoka ubavuni. Mpaka ukungu ufike katikati, sehemu kubwa ya neva imeshakwenda.

Msidhani ni ugonjwa wa watu wachache. Wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma kule Tanzania, watafiti walipima watu wa vijijini wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Takriban watu 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma. Hao ni wakulima kama wazee wetu. Sisi watu weusi tunaipata zaidi na mapema zaidi kuliko wazungu, na ikiingia katika familia, ndugu wa tumbo moja wako hatarini kuliko watu wengine.

Sasa tuje kwenye damu, maana hapo ndipo swali la yule kijana lilipo.

Neva ya jicho ni kiungo hai, inakula kwa damu kama mkono na mguu. Lakini damu inayoingia jichoni inakuta upinzani, kwa sababu ndani tayari kuna presha ya yale maji. Fikirieni watu wawili kwenye mlango mmoja. Wa nje anasukuma aingie, wa ndani anasukuma asiingie. Presha ya damu ndiye wa nje, presha ya jicho ndiye wa ndani. Wa ndani akizidi nguvu, au wa nje akilegea, neva inalala njaa.

Mishipa iliyokakamaa inaingia wapi? Ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ukiwa mzima ni laini na unavutika. Kwa miaka ya presha ya juu, sukari, sigara na mafuta yanayojibandika ndani, unakuwa kama mpira wa kumwagilia maji ulioachwa juani: mgumu, mzito, na njia yake ya ndani imepungua. Basi mtu husema moja kwa moja, "Mishipa ikikakamaa, damu haifiki, ndiyo glakoma hiyo." Inaonekana rahisi. Lakini kule Rotterdam, Uholanzi, walifuatilia maelfu ya watu wenye umri wa miaka 55 na zaidi, wakapima mishipa yao, wakaangalia ni nani aliyepata glakoma ya kawaida. Matokeo ya mwaka 2006 yalisema kukakamaa kwa mishipa peke yake hakukuonekana kuwa sababu kubwa. Kwa hiyo ukiona mtu anauza unga wa mizizi sokoni akisema unasafisha mishipa na kuponya glakoma, mwambie kwa adabu aende zake.

Wakati huohuo, Barbados, kisiwa ambacho wengi wa watu wake ni weusi kama sisi, watafiti walifuata watu kwa miaka tisa. Wale ambao presha yao ya damu ilikuwa ndogo ikilinganishwa na presha ya jicho walipata glakoma zaidi. Ni mfano wetu wa mlango. Na Baltimore, Marekani, mwaka 1995 waliona jambo la kushangaza: presha ya juu ya damu kwa wenye umri mdogo ilionekana kama inalinda, lakini kwa wazee ilikwenda pamoja na glakoma. Watafiti wakafikiri huenda mwanzoni presha inasukuma damu vizuri hadi kwenye neva, lakini baada ya miaka mingi inakuwa imeiharibu mishipa midogo, na faida inageuka hasara. Kwangu mimi maelezo haya yanaingia akilini, ingawa wataalamu bado wanajadiliana.

Kwa glakoma ya kawaida, basi, damu ina neno lake lakini siyo yote. Iko glakoma nyingine, ambayo hapo mishipa iliyokakamaa ni mshtakiwa mkuu, na hii ndiyo iliyonifanya nisimame mbele yenu.

Nyuma ya jicho, katikati ya ile neva, inapita ateri moja ikiingia na vena moja ikitoka. Vena ndiyo inayorudisha damu. Zote mbili zimefungwa ndani ya ala moja nyembamba, bega kwa bega, kama abiria wa siti ya nyuma kwenye matatu ya siku ya soko. Ateri ikiwa laini, hakuna ugomvi. Ikikakamaa na ukuta wake kunenepa, inamkandamiza jirani. Vena inabanwa, damu ndani yake inakwenda polepole, inaganda, njia inafungwa. Damu inaingia jichoni lakini haina pa kutokea. Inavuja kwenye retina, lile pazia la nyuma linalopokea picha, na mtu anaamka asubuhi jicho moja limefifia. Haliumi hata kidogo.

Retina iliyokosa hewa safi inapiga kelele. Inatoa kemikali ya kuita mishipa mipya ya damu ije kuokoa. Mishipa hiyo inakuja kweli, lakini ni mishipa dhaifu na haina mpango. Inatambaa mpaka mbele ya jicho na kuota juu ya lile chujio la maji. Si mnajua vile watu wanavyojenga vibanda juu ya mtaro hapa sokoni, mvua ikinyesha maji yanaingia dukani? Ni vivyo hivyo. Mtaro wa jicho unazibwa na presha inapanda ghafla, tena sana. Madaktari wa zamani waliipa jina la glakoma ya siku mia, kwa sababu mara nyingi huja karibu miezi mitatu baada ya vena kuziba.

Nilimwona mzee mmoja wa hivyo nikiwa kwenye mafunzo. Kijiji sitakitaja wala hospitali. Alikuwa na presha, dawa anameza akikumbuka. Jicho la kulia lilipofifia, nyumbani wakasema ni mtoto wa jicho, haina haraka, tungoje bonasi ya chai tumpeleke. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wanapanga pesa. Bonasi ilipoingia jicho lilikuwa jekundu kama pilipili, linauma mpaka mzee anatapika, na presha yake imepita 50. Halikuwa linaona hata mwanga wa tochi. Kazi iliyobaki ilikuwa kutuliza maumivu. Angeletwa wiki zile za kwanza, wangekuwa wanamwangalia kila mwezi, na mishipa mipya ikianza kuota kuna sindano za jicho na kuna miale ya leza ya kuizuia.

Nawaomba mshike hili: jicho moja likififia ghafla bila maumivu kwa mtu mwenye presha au sukari, hiyo ni safari ya leo. Usingoje kesho wala bonasi.

Kuna dalili nyingine ya mishipa. Mtu anaona kama pazia limeshuka kwenye jicho moja, dakika chache, halafu linapanda na anaona sawasawa. Anacheka, anaendelea na kazi. Jamani, hiyo mara nyingi inatoka kwenye ateri kubwa ya shingoni iliyojaa uchafu, na kipande kidogo kimepita kwenye jicho. Kipande kinachofuata kinaweza kwenda kwenye ubongo, na hapo tunaongea habari ya kupooza. Ateri hiyo ya shingoni ikibanwa sana, nayo pia yaweza kuliletea jicho ile mishipa mipya na ile glakoma mbaya.

Vijana wa madrasa, niwape faida ndogo hapa katikati. Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Sham na kufariki Misri mwaka 1288, ndiye aliyeeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita kwenye mapafu, kisha hurudi upande wa kushoto. Maandishi yake yalilala kwenye maktaba mpaka daktari kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoyakuta Berlin mwaka 1924. Wengi mnajua hilo. Wasilolijua wengi ni kwamba mtu huyohuyo aliandika kitabu kizima cha tiba ya macho. Damu na jicho vilikuwa kwenye meza moja tangu zamani.

Na jicho lina ajabu nyingine. Tangu Helmholtz, Mjerumani, alipotengeneza kioo cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, daktari anaweza kuiona mishipa ya damu ikiwa hai bila kupasua mahali popote. Ateri iliyokakamaa huonekana ikimeta kama waya wa shaba, na pale inapopita juu ya vena unaiona vena imebanwa. Ndiyo maana ninasema mwenye presha asipimwe kusoma herufi ukutani tu. Aombe aangaliwe nyuma ya jicho na apimwe presha ya jicho. Na kinyume chake, ukienda kwa daktari wa macho, mwambie kama una presha au sukari na umtajie dawa zako. Tone la timololi, ambalo wengi wanatumia, linaingia kwenye damu, linapunguza mapigo ya moyo na ni hatari kwa mwenye pumu. Tena kuna wazee wanaomeza dawa ya presha ya damu wakati wa kulala. Usiku presha hushuka yenyewe, dawa ikaongezea, na neva ya jicho lenye glakoma ikakosa damu usingizini. Usibadilishe saa mwenyewe. Waambie madaktari wote wawili waipange.

Presha ya damu yenyewe tunaipuuza mno. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 hapa Kenya ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 18 hadi 69 ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Hivi sisi vijana tunaokula viazi vya mafuta yaliyochemshwa tangu asubuhi, na wengine miraa na sigara juu yake baada ya tarawehe, tunadhani mishipa inaanza kukakamaa ukiwa na miaka sitini? Inaanza sasa hivi. Chinsaga na managu viko hapo sokoni kwa bei ya wali wa hotelini.

Nirudi kwenye Ramadhani na ile dawa ya kabatini. Mimi si mufti, ninanukuu waliosoma. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoifuata wengi Afrika Mashariki, jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi kwenda tumboni, na wanja au tone halifunguzi. Katika madhehebu ya Imam Malik, tone likifika kooni linafunguza. Mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikaa Jeddah katika kikao chake cha kumi, likapitisha kwamba matone ya macho hayafunguzi, ilimradi mtu ajiepushe kumeza kinachofika kooni.

Na kuna njia nyepesi ya kulizuia lisifike kooni, njia ambayo madaktari wanaifundisha kwa sababu zao. Ukishatia tone, funga jicho, bonyeza kwa kidole kona ya ndani karibu na pua, hesabu dakika mbili. Hapo kuna kitundu kinachopeleka machozi puani na kooni. Ukikiziba, dawa inabaki jichoni inapotakiwa na haiendi kusumbua moyo na mapafu. Faida mbili kwa kidole kimoja.

Mwenye wasiwasi bado ana nafasi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana na usiku wetu hulingana mwaka mzima. Dawa ya mara mbili kwa siku inaingia vizuri wakati wa daku na wakati wa futari. Ya mara moja inatiwa usiku. Ni ya mara tatu tu inayodai mchana. Vidonge ni jambo lingine, hivyo vinafunguza, na mgonjwa ana ruhusa yake katika Sura al-Baqara aya ya 184. Aliyeambiwa na daktari asifunge, asifunge, na wanawe wasimtazame vibaya.

Maji ya futari pia yana lake. Kuna kipimo cha zamani cha kliniki: mgonjwa hunyweshwa kama lita moja ya maji ndani ya dakika tano, kisha presha ya jicho hupimwa kila baada ya muda mfupi. Kwa mwenye glakoma hupanda. Basi mzee asiibugie jagi lote adhana ikilia. Tende, glasi moja, aende akaswali, arudi kwa nyingine. Niliulizwa pia habari ya sijida. Kichwa kikiinama presha ya jicho hupanda kwa muda, ukiinuka hushuka, na sijida zetu ni fupi. Aliyepasuliwa jicho juzi ndiye wa kumuuliza daktari wake, na kuswali kwa kukaa kuna ruhusa.

Moja la mwisho, ninalisema kwa uchungu. Kuna matone yanayouzwa kemisti kwa watoto wenye macho ya kuwasha. Yakiwa na steroidi, kama deksamethasoni, yanatuliza upesi sana, na mama anarudi kununua tena na tena. Yakitumika miezi, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kumpa mtoto wa miaka kumi glakoma ya mzee. Someni chupa. Usiongeze ya pili bila kuandikiwa.

Kwa wale wa hapa Keroka, anza hospitali ya karibu upimwe presha ya damu. Kwa macho, iko Hospitali ya Rufaa ya Kisii, na ukifuata barabara ya Sotik hadi Bomet iko Tenwek yenye kitengo cha macho. Wenye jamaa upande wa Vihiga wanaijua Sabatia. Mwenye miaka 40 na zaidi, au mwenye mzazi au ndugu aliyepofuka taratibu, asisubiri dalili.

Maswali tutayachukua tukifuturu. Na mwenye mzee nyumbani anayetumia matone, aje na ile chupa yenyewe mkononi tuisome pamoja, tujue ni ya mara ngapi kwa siku.

Wabillahi tawfiq.